Karani Ildefons na Agano Lililomezwa Sirini

Watu wa Nshamba waliomfahamu Ildefons Byarugaba watakwambia jambo moja kabla ya mengine yote: alikuwa mwoga. Hawasemi kwa ubaya. Wanalisema kama mtu anavyosema fulani alikuwa mrefu au fulani alikuwa na kipara. Kabla ya kukaa, alikishika kiti kwanza akakitikisa. Akienda kazini Muleba kwa baiskeli, kila mteremko alishuka akaikokota, na watoto wa shule walimpita mbio wakimsalimu kwa heshima, kisha wakacheka wakishafika mbele. Ziwa aliliona kila siku kutoka mlimani lakini mguu wake haukuwahi kugusa mtumbwi. Alipoambiwa apeleke hati ya kuitwa shaurini kisiwani Goziba, alipata homa ya siku nne, na homa yenyewe ilikuwa ya kweli.

Machifu walipoondolewa na mabaraza yao yakawa mahakama za mwanzo, Ildefons aliajiriwa karani pale Muleba, na huko woga wake ukamfaa. Hakuna jalada lililopotea mikononi mwake. Aliandika, akasoma alichoandika, akagonga mhuri, akaurudisha mhuri kwenye kopo lake na kulifunga. Wenye mashauri walimcheka, lakini walimwamini.

Hofu iliyozidi zote ilikuwa ya baba yake. Mzee Byarugaba alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa maneno, aliyetafuna kahawa kavu kutwa nzima, akitema maganda pembeni kila alipotaka kusema, ili ujue kwamba sasa anasema. Alimwita mwanawe "karani" tangu akiwa shule, na haikuwa sifa.

Sasa, mtu wa namna hiyo ndiye aliyekula omukago, udugu wa damu, na Datius bila kumwambia yeyote.

Datius alifika mwaka wa Uhuru, akitokea Rwanda, ambako nyumba za ndugu zake zilichomwa moto. Alitembea akapita Karagwe, akawa anaomba kazi kibanja hadi kibanja, mpaka Mzee Byarugaba alipompa jembe na kibanda nyuma ya nyumba. Alipalilia kahawa, akatandaza nyasi kwenye migomba, hakusema sana. Jumapili alisoma misale, kitabu chake cha misa cha Kifaransa, akiwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mwaka uliofuata Ildefons aliugua tumbo la kuhara damu wakati wa mvua kubwa, wakati hata baiskeli haipiti, na Datius alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni Rubya. Alipumzika mara tatu tu njiani. Ildefons alizihesabu, maana kila alipotuliwa chini alidhani ndiyo mwisho wake.

Alipopona walikwenda wawili kwenye chumba cha kuhifadhia kahawa, wakafanya kama wafanyavyo Wahaya. Walivunja tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake hukaa punje mbili zilizokumbatiana. Wakajichanja kidogo karibu na kitovu, kila mmoja akapaka damu yake kwenye punje moja, na kila mmoja akameza punje ya mwenzake. Kuanzia hapo mtu huyo ni mukago wako, zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Ukimsaliti, kahawa ile itavimba ndani yako mpaka ikuue. Huo ndio omukago, na hakuna Mhaya anayeufanyia mzaha.

Lakini kumeza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumleta mukago wako nyumbani mchana kweupe, wazee wa ukoo wakae, wamuulize maswali, wabishane wanavyotaka, halafu mwenye nyumba atamke kwamba ameingia, na wote wanywe rubisi ya ndizi katika kibuyu kimoja. Kabla ya hapo yamefungwa matumbo mawili tu, nyumba haijafungwa.

Nusu hiyo Ildefons hakuifanya. Kila Jumapili alisema Jumapili ijayo. Alimwona baba yake akitema maganda ya kahawa, na maneno yakarudi tumboni yalikotoka. Angesemaje? Kwamba mwana wa Byarugaba amekula damu na kibarua? Basi mukago wake akaendelea kulala kibandani, na mbele ya Mzee akamwita "wewe Datius" kama walivyomwita wengine wote. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Mwaka 1964 gazeti lilifika mahakamani likiwa limechelewa majuma mawili, na ndani yake palikuwa na habari fupi kwamba Serikali imejiunga na mkataba wa mataifa kuhusu wakimbizi, mkataba unaosema mkimbizi asirudishwe mahali ambapo uhai wake uko hatarini. Ildefons aliisoma mara tano. Aliomba ruhusa ya kuikata, akaomba tena ili awe na hakika, kisha akaikata kwa wembe aliochongea penseli. Siku hiyo aliteremka mlima wa Nshamba juu ya baiskeli bila kushuka, koti likipepea nyuma, na waliomwona walidhani breki zimekatika.

"Umepona," alimwambia Datius kwenye kahawa, akihema. "Serikali imetia saini. Hakuna atakayekurudisha."

Datius alikisoma kile kipande taratibu, akakikunja, akakiweka ndani ya misale.

Mwaka uliofuata likaja tangazo: wageni wote wasio na karatasi wafike Bukoba kuandikishwa. Datius hakutaka kwenda.

"Mukago," alisema, "kwetu niliwahi kuwa kwenye orodha. Wachomaji walikuja nayo mkononi."

"Hapa si kwenu. Hapa kuna mkataba."

"Una hakika?"

Ildefons, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa na hakika hata na kiti, akasema ana hakika. Ukimsikia mwoga anaapa, ujue amepata karatasi ya kujificha nyuma yake. Datius aliondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi, amevaa shati la Ildefons, misale kwapani.

Jumatano utingo wa basi alimletea Ildefons kipande kilekile cha gazeti. Pembeni, palipokuwa peupe, palikuwa na maandishi ya penseli: "Mukago, wamekisoma. Wamesema hili ni gazeti tu. Tuko mahabusu watu kumi. Ijumaa asubuhi lori linatupeleka mpakani. Usimwambie Mzee kitu. Sema nimepata kibarua Maruku."

Ildefons alijua maana ya kupelekwa mpakani. Kwa miaka mitatu Datius alikuwa amemsimulia, kidogo kidogo, nani anangoja ng'ambo ya mto na wanangoja na nini. Kalamu ilimponyoka na kutapakaza wino juu ya jalada, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ni yeye aliyemtuma. Angemwacha kibandani kwake, Datius angekuwa anapalilia sasa hivi.

Alibisha mlango wa hakimu. Hakimu Muhidini alikuwa mtu wa Bukoba mjini, babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani, naye alizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko mtu yeyote Muleba.

"Kaa, Bwana Ildefons. Una nini? Umekuwa mweupe."

Hata siku hiyo Ildefons alikitikisa kiti kwanza. Kisha alimweleza juu ya Datius, lakini akamwita kibarua wa nyumbani.

"Mheshimiwa, Serikali imetia saini," alimaliza. "Basi hao wanavunja sheria."

"Sheria ipi?"

Ildefons akaweka kipande cha gazeti mezani. Hakimu hakukigusa.

"Hiyo ni ahadi," alisema. "Serikali imewaahidi mataifa ya nje, na ni ahadi njema. Lakini mimi sikuapa kufuata ahadi za Serikali. Niliapa kufuata sheria za nchi, na sheria ya nchi hutungwa na Bunge. Wabunge wakae, wausome huo mkataba, wabishane, waamue kipi wanakiingiza na kwa maneno gani. Rais atie sahihi. Ichapishwe, iletwe hapa, uigonge mhuri wewe mwenyewe. Siku hiyo nitaifungua mezani nimsomee afisa yeyote. Leo nikifungua kabati hilo, nitakuta sheria ya wageni walioingia bila kibali. Hiyo ndiyo inayowashika."

"Kwa hiyo saini haina kazi?"

"Ina kazi huko ilikotiwa. Humu ndani haijafika."

"Itafika lini?"

"Nasikia muswada unaandaliwa. Mwaka huu, au ujao."

"Mheshimiwa, Ijumaa ni keshokutwa."

Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Wewe ni Mhaya," alisema. "Chukua mfano wa kwenu. Mtu amekula omukago huko porini, akarudi kimya, wenye nyumba hawajaambiwa kitu. Siku mwenzake akija mlangoni anafukuzwa na watu wenye mapanga, nani atamfungulia? Wenye nyumba watasema hatumjui. Na hawatakuwa wamekosea."

Jasho jembamba lilimtoka Ildefons toka shingoni hadi kiunoni. Alidhani hakimu anajua. Hakimu hakujua lolote, alikuwa anatafuta mfano tu.

"Nitakwambia kitu kisicho sheria," Hakimu Muhidini aliendelea. "Afisa ana nafasi ya kungoja maelekezo akitaka. Mwenye kibanja, pamoja na ukoo wake, wakiandika kwamba huyu ni wa kwao na wanamdhamini mpaka Bunge litakaposema, anaweza kutaka. Hakuna afisa anayependa ugomvi na ukoo mzima. Lakini isiwe barua ya karani. Baba yako yu hai?"

Alikuwa hai sana. Alikuwa kwenye migomba, juu ya ngazi, akikata majani makavu. Ildefons alisimama chini, mikono imeshika baiskeli, na kwa muda alifikiria kusema Datius amepata kibarua Maruku. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeandikwa kwa penseli na Datius mwenyewe. Lilikuwa neno jepesi, na hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Taata," alisema, "Datius wanamrudisha Ijumaa. Watamuua. Mimi ndiye niliyemtuma. Na ni mukago wangu, waitu. Tulikula miaka mitatu iliyopita."

Kisu kilisimama. Mzee Byarugaba akatema maganda.

"Mlikula mbele ya nani?"

"Hapakuwa na mtu."

"Ukamleta kwa nani?"

"Sikumleta."

"Basi hukula kitu. Ulimeza kahawa." Alishuka ngazini hatua kwa hatua, akasimama mbele ya mwanawe. Ildefons alifumba macho akingoja kofi. Halikuja, na hilo likamtisha zaidi. "Miaka mitatu mukago wa mwanangu analala nyuma ya nyumba yangu kama mbuzi," Mzee alisema, sauti ikiwa chini. "Nimempa makombo. Nimemtuma kuni kwenye mvua. Umenifanya nini, karani? Uliniogopa mimi hivyo?"

"Nilikuogopa, Taata."

Mzee alitazama pembeni. Ildefons hakuwahi kumwona baba yake akitazama pembeni.

Alhamisi asubuhi wazee tisa walikaa. Msidhani walikubali mara moja. Apolinary, mdogo wake Mzee, mtu mwenye kelele, alisema wazi lile ambalo wengine walilificha: "Leo mukago, kesho atasema mimi ni mwana wa nyumba hii, nipeni kibanja. Vibanja vyenyewe viko wapi? Watoto wetu wenyewe wanabanana." Walibishana mpaka jua likafika utosini. Mmoja alisema asiingie kabisa. Mwingine alisema omukago haukatwi vipande, ama unauchukua wote ama unauacha. Ildefons alikaa kwenye kona na daftari lake, anatetemeka, anaona saa zinakwenda, na akigundua kwa mara ya kwanza kwamba watu wakikaa kubishana juu ya uhai wa mtu, hawaharakishi ati kwa sababu wewe unatetemeka.

Mwisho walikata hivi: Datius ameingia, hatatolewa kwenye nyumba hii na mtu yeyote, akifuatwa na adui, adui huyo ni wa ukoo mzima, lakini kibanja hatarithi, wala watoto wake. Ildefons aliandika. Wazee waliweka vidole gumba. Wino ulikuwa wa mahakamani, na karani wetu aliuiba, wizi wake wa kwanza na wa mwisho.

Ijumaa walipanda basi la kwanza, yeye na baba yake. Mzee alikuwa na kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba mfukoni mwa kanzu, na hakusema ndani mna nini. Basi lilisimama Kamachumu kupakia ndizi. Likasimama tena dereva akazungumza na shemeji yake. Ildefons aliuma vidole mpaka vikatoka damu. Waliposhuka mjini walikwenda karibu mbio, Mzee mbele na kanzu ameinyanyua, na walipofika kwenye ile ofisi lori lilikuwa limekwisha pakia.

Watu kumi walisimama nyuma ya lori wameshika vyuma. Datius alikuwa pembeni. Alipomwona Mzee aliinamisha kichwa, akidhani amekuja kumgombeza kwa kuacha palizi.

Afisa aliyesimamia alikuwa amehamishiwa pale kutoka mbali, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliisoma barua yote, hilo tumpe haki yake. "Mzee wangu," alisema, "karatasi ya ukoo si sheria."

"Najua," Mzee alijibu. "Na ile ya Ulaya nayo si sheria, nimeambiwa. Basi tuko sawa. Naomba niagane na mtu wangu."

Afisa alitazama saa, akaruhusu. Mzee Byarugaba akafungua lile jani. Ndani mlikuwa na matunda ya kahawa, mabichi, mekundu. Alichukua moja, akalivunja kwa kucha, punje mbili zikatoka. Akamgeukia mwanawe.

"Sasa," alisema. "Mchana. Watu wanaona."

Ildefons alikuwa na ule wembe wa penseli mfukoni. Alifungua shati mbele ya askari, wapita njia na wanawake wauza ndizi. Alijikata zaidi ya inavyotakiwa, na kovu lile alikuwa nalo mpaka anakufa. Datius aliinama juu ya ubao wa lori, akaupokea wembe. Walibadilishana punje, wakameza. Mzee akanyoosha mkono na kutamka kwa Kihaya, kwa sauti ambayo Ildefons hakujua baba yake anayo, kwamba huyu ameingia nyumba ya Byarugaba, na atakayemtia mikononi mwa adui zake atakuwa ameimwaga damu ya nyumba hiyo, yeye na kizazi chake.

Afisa hakuelewa neno hata moja. Lakini askari wake wawili walielewa. Na dereva wa lori, aliyeitwa Ishengoma, aliyekuwa amekwisha washa injini, aliizima. Akashuka na ufunguo mkononi.

"Afande, gari haliondoki."

"Lina nini?"

"Gari halina kitu. Ni mimi siwezi. Huyo ni mukago wa watu, nimeona kwa macho yangu. Nikimpeleka kufa, nitarudi kwa watoto wangu na nini?"

Afisa aliwageukia askari, nao walikuwa wanatazama viatu vyao. Uso wake ulipita kutoka hasira hadi aibu hadi kitu kama nafuu, kisha akaandika mstari mmoja juu ya barua ya ukoo: asubiri maelekezo. "Mteremsheni huyo mmoja," alisema. "Hao wengine waende."

Datius aliteremka, na Ildefons akamshika. Karani alikuwa analia kwa furaha na hofu pamoja, na hakuona aibu.

Hapo ndipo mwanamke mmoja kwenye lori, kijana, amefunga kitambaa cha manjano, alipopitisha mkono katikati ya vyuma, kiganja kikiwa wazi mbele ya Mzee Byarugaba.

"Mzee," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "na mimi. Nipe na mimi nimeze."

Kwenye lile jani matunda yalikuwa bado yamo. Mzee alikitazama kile kiganja. Jana yake ukoo ulikuwa umekaa tangu asubuhi hadi adhuhuri, na ulikuwa umekubali jina moja. Alisimama hapo muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha akalikunja lile jani, akalirudisha mfukoni. Ishengoma alipanda, akawasha injini, nayo ikawaka mara moja. Mkono ule ulibaki nje ya vyuma mpaka lori lilipokata kona.

Walirudi watatu kwa basi la jioni.

Sheria ilifika mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Ildefons aliisoma amesimama, moyo ukimdunda. Kilikuwapo kifungu cha kutomrudisha mtu kule atakakoadhibiwa kwa mambo ya siasa, chembamba kuliko lile tangazo la gazetini, lakini kilikuwapo. Akashusha pumzi. Kisha akaendelea kusoma, na vifungu vingine vilikuwa vingi, vya vibali na amri, na vya wakimbizi kukaa katika makazi watakayopangiwa.

"Ndiyo hiyo," alisema Hakimu Muhidini. "Bunge limeuingiza mkataba ndani, na limeufungia mlango kwa namna yake. Sasa naweza kusoma. Lakini nikisoma, nasoma yote."

Miezi michache baadaye amri ya kuwahamishia wakimbizi makazini ilikuja, na karani ndiye aliyeandika hati. Kwa upande wa Nshamba palikuwa na jina moja. Aliligonga mhuri, akapanda baiskeli, akaikokota kwenye mteremko kama zamani.

Mzee Byarugaba alisikiliza mpaka mwisho. "Sisi tulimkata kibanja," alisema. "Wao wamemkata nyumba. Kila aliyekaa kumjadili mtu huyu amekata mahali alipoogopa." Akatema maganda, ingawa alikuwa amekwisha sema.

Datius aliondoka mchana, kwa lori jingine, na ng'ambo ya Karagwe akapewa shamba la kufyeka katika makazi ya wakimbizi. Kabla ya kupanda alimwuliza Ildefons, "Hii ni sheria?"

"Ni sheria."

"Si gazeti?"

"Si gazeti, mukago."

"Haya," alisema Datius, akaikunja hati na kuitia ndani ya misale. Alioa huko, akapata watoto watano, na wa kwanza aliitwa Byarugaba. Kila mwaka alileta barua. Kwa hiyo utasema karani wetu alishinda, na kweli alishinda. Lakini woga haukumtoka. Tangu siku ile, kila Gazeti la Serikali lilipofika, alilifungua kwa vidole viwili kama mtu anayefunua kitanda kilichowahi kuwa na nyoka, akitafuta ahadi gani imefika nyumbani na ipi bado iko njiani.

Mzee Byarugaba alianguka mwaka 1970, wakati watu wote wa Nshamba walikuwa wanabishana juu ya vijiji vya ujamaa na nani atahamishwa aende wapi. Siku zake za mwisho hakutafuna kahawa. Mchana mmoja alimwita Ildefons kando ya kitanda, na kutoka chini ya mto akatoa kifurushi cha jani la mgomba, limekauka mpaka linavunjika. Ndani matunda yalikuwa yamegeuka meusi.

"Karani," alisema, "yule mwanamke wa kwenye lori. Ile sheria ilimkuta?"

"Ilitoka mwaka uliofuata, Taata."

"Sikuuliza ilitoka lini. Nimeuliza kama ilimkuta."

Ildefons alikuwa amejibu maswali ya sheria mahakamani kwa miaka sita, na hakuna hata moja lililowahi kumtisha kama hilo. Alikitazama kile kifurushi mkononi mwa baba yake, na mkono wenyewe ulikuwa wazi, kiganja juu.

"Sijui, waitu," alisema. "Hata jina lake hatukumuuliza."